Kuagwa kwa Mzee Twalibu

Mzee Twalibu aliagwa mara tatu, na mara zote tatu Jumatatu iliyofuata alionekana mezani kwake, miwani puani, penseli nyekundu nyuma ya sikio, kama mtu aliyetoka kidogo kwenda msalani akarudi.

Mara ya kwanza walimpa godoro. Mara ya pili, baiskeli. Mara ya tatu, ambayo ndiyo inayotuhusu, walichinja mbuzi wawili, wakapika pilau kwenye masufuria ya kuazima, wakafunga turubai uani, na mkurugenzi mwenyewe, Bwana Majidi, akashika kipaza sauti.

Julieth Ngollo alikaa safu ya mbele na sahani mapajani, lakini hakula. Kwenye simu yake kulikuwa na meseji ya kutoka Mwanza. Kampuni moja ya huko, inayotengeneza majokofu ya jua kwa wavuvi, ilikuwa inamtaka awe mkuu wa usanifu. Walimpa wiki moja: mpaka Jumamosi ijayo, saa sita mchana, awe amejibu. Kwa hiyo yeye alikuwa anaangalia jambo moja tu pale kwenye sherehe. Mzee akiondoka kweli, kiti chake ni cha Julieth, na wale wa Mwanza atawaambia ahsante, nimeshapata. Mzee asipoondoka, basi.

Kampuni yenyewe iliitwa Pimika. Ilikuwa imepanga ghala moja la zamani nyuma ya stesheni ya Tabora, lenye kuta nene kama urefu wa mkono na vidirisha vilivyokaa juu karibu na dari, jengo la kutunzia mali ya misafara, si la kukalia watu. Humo ndani watu arobaini walitengeneza mizani. Si mizani ya mawe. Mizani ya umeme wa jua, inayopima tumbaku au asali au pamba, kisha uzito unaingia wenyewe kwenye simu ya mkulima kabla mnunuzi hajafungua mdomo. Mzee Twalibu ndiye aliyeisanifu ya kwanza. Alikuwa fundi redio wa mtaa wa Isevya, hana cheti cha maana, ila alikwenda Urambo akakaa siku tisa kwenye kituo cha kununulia tumbaku akiangalia mikono ya watu, akarudi akasema, "Kioo kigeukie muuzaji. Mnunuzi ndiye azunguke aje kutazama." Ndivyo ilivyofanywa, na mizani hiyo ikaitangaza Pimika mpaka nchi za nje.

Wafadhili walipokuja waliuliza swali moja: mzee huyu akifa, nani? Majidi akaandika karatasi, mpango wa urithi wa uongozi, na kwenye mstari wa mkuu wa usanifu akaweka jina moja. Julieth Ngollo. Hiyo ilikuwa miaka saba iliyopita. Julieth alikuwa na miaka thelathini na moja, binti wa wakulima wa Kisukuma wa Lusu kule Nzega, amemaliza chuo, na siku ile alilia kwa furaha.

Hakujua kwamba jina likishaingia kwenye karatasi ile, mwenye jina hatoki tena. Akiomba kwenda masomoni, anaambiwa, wewe ni mrithi, mzee akiugua itakuwaje? Akiomba kuongoza tawi la Kahama, wewe ni mrithi. Kazi mbili nzuri alizikataa, kwa sababu mzee alikuwa anaondoka mwakani. Mama yake kule Lusu alikuwa akimpigia simu, "We Julieth, bado hawajakutawaza?" Vijana wa ofisini walimwita Mama Mrithi, mbele yake, na alikuwa anaitika.

Basi pale uani Majidi akaanza.

"Nani kampa ruhusa mpagazi huyu atue mzigo?" alinguruma kwenye kipaza sauti. "Babu zake walibeba pembe za ndovu kutoka hapa mpaka Bagamoyo hawakunung'unika. Yeye kubeba penseli tu, kachoka!"

Watu wakaangua kicheko. Mzee Twalibu, na kanzu yake mpya, akasimama bila haraka.

"Na babu zako walikuwa wamekaa njiani, wanamdai hongo kila anayepita," alijibu. "Naona kazi ya ukoo hujaiacha."

Pakawa hapakaliki. Doto, msanifu kijana, alimwaga soda.

Ni utani, na si wa jana. Majidi ni Mzaramo wa Kisarawe. Twalibu ni Mnyamwezi wa mjini hapa hapa. Wazaramo na Wanyamwezi, na Wasukuma pamoja nao, wamekuwa watani tangu njia ile ya pwani ilipokuwa ya miguu, na mtani ana haki ambazo ndugu wa tumbo moja hana. Atakutukana, atakunyang'anya kofia, atakaa juu ya jeneza la baba yako akidai chai, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika, wewe ndiye uliyekosa.

Majidi alikwenda akakaa chini kwenye mlango wa ua, suti na kila kitu, akanyoosha miguu. "Nimefunga njia. Toa hongo."

"Unataka nini, mnyang'anyi?"

"Kiapo. Uape huondoki mpaka mrithi wako aive."

Mzee akacheka, akainua kidole juu. "Wallahi, sitoki hapa mpaka Julieth aive."

Makofi. Vigelegele. Watu walimgeukia Julieth, na Julieth, mbele ya macho yote yale, akacheka.

Jumatatu mzee akawa mezani kwake.

*

Jumanne Julieth aliingia kwa Majidi. Alikuwa amejipanga, amevaa koti lake la mikutano, na alisimama badala ya kukaa.

"Bosi, utani pembeni. Nimepata kazi Mwanza. Nataka kujua leo: kiti kile ni changu, au nijibu watu?"

Majidi alimwangalia kwa huruma kubwa. "Mwanza! Msukuma wewe, kule watu wanakula sato. Wewe tumbo lako limezoea michembe, viazi vyenu vya kukausha, utaharisha mpaka Krismasi."

"Bosi, nimesema utani pembeni."

"Pembeni wapi? Utani wa Mzaramo na Msukuma una pembe wapi? Hata ukifa nitakuja msibani kwako niwaambie, mfukieni taratibu, anadaiwa viazi."

Na Julieth, ambaye usiku kucha alikuwa amejiapiza hatajibu, akasikia mdomo wake wenyewe ukisema, "Ukija msibani kwangu, uje na ngoma. Si ndicho mnachojua, mnauza shamba mkacheze?"

Majidi alipiga meza kwa kucheka. Alipofuta machozi, mkutano ulikuwa umekwisha. Julieth alijikuta koridoni, koti limembana kwapani, na hakuna lililosemwa.

Hiyo ndiyo ilikuwa shida yake, na alikuwa akiijua. Mtani akikurushia neno, mkono unadaka wenyewe. Amekulia humo. Kule Lusu, babu yake alipokufa, Mzaramo mmoja dereva wa lori alisimama njiani, hata hamjui marehemu, akaingia akalala kwenye kitanda cha maiti akasema amechoka, na bibi yake, aliyekuwa amelia siku mbili, alicheka. Ilikuwa dawa. Hakuna aliyemfundisha Julieth kwamba dawa hiyo hiyo mtu anaweza kukupa kila siku, miaka saba, mpaka usisikie tena panapouma.

Akasema, sawa, maneno ya mdomo yanadakwa. Karatasi haidakwi. Jumatano aliandika barua ya kuacha kazi, mistari minne, akaipeleka kwa katibu muhtasi, akasainiwa kwamba imepokelewa.

Saa nne, wakati wa chai, Majidi alitoka na barua mkononi. Alipanda juu ya kreti akaisoma kwa sauti ya mtangazaji wa taarifa ya habari. "Mimi, Julieth Ngollo, mkazi wa Isevya, naomba kuacha kazi." Watu walishika mbavu. Akachukua kalamu nene, akaandika juu yake kwa herufi kubwa: IMEKATALIWA. LETA MICHEMBE GUNIA MBILI. Akaibandika ubaoni.

"Mama Mrithi, usikubali!" Doto alipiga kelele. "Mjibu! Mjibu!"

Wote walikuwa wanamtazama, wanamtakia mema, wanamsubiri. Julieth alichukua kalamu ile ile. Chini ya maandishi ya Majidi akaandika: Michembe ni ya watu. Mzaramo atapewa maganda.

Ghala lilitikisika. Mzee Twalibu mwenyewe, kwenye kona yake, alivua miwani kwa kucheka.

Baadaye, chooni, maji yakitiririka mikononi, ndipo akili ilipomrudia. Barua yake ya kuacha kazi ilikuwa ubaoni, na chini yake kulikuwa na mwandiko wake mwenyewe ukisema kwamba ni mzaha. Alitoka akaenda kusimama mbele ya ubao. Akataka kuibandua. Mhasibu alipita, akasoma tena, akampiga bega, "Ya maganda umemmaliza kabisa." Akaiacha.

Alikaa mezani akatazama vile vidirisha vya juu. Mwanga uliingia kwa vipande, mtu hawezi kuona hata mti. Aliwahi kumwuliza Twalibu kwa nini wa zamani walijenga hivyo, akaambiwa, mali ilikuwa inalala humu, na mali haihitaji kuona nje.

Ijumaa jioni Majidi alimwita. Safari hii alikuwa mpole, na upole wake ulimtisha Julieth kuliko mzaha.

"Nimefikiri. Nakupa ukaimu. Kaimu mkuu wa usanifu, kuanzia mwezi ujao. Mlangoni tunaandika jina lako."

"Na mzee?"

"Mzee anakuwa mshauri."

"Atakaa wapi?"

"Pale pale. Unataka nimtupe dirishani? Madirisha yenyewe unayaona."

"Na sahihi ya michoro?"

"Sahihi inabaki kwake, kwa muda. Mpaka uzoee."

"Nizoee nini, bosi? Miaka saba."

"Ah, mtani," alisema Majidi, na tayari macho yalikuwa yameanza kucheka, "punda wa Kisukuma huzoea hata mzigo usiokuwepo." Julieth alitoka mbio kabla mdomo wake haujapata jibu.

*

Jumamosi asubuhi alikwenda Isevya kwa miguu, nyumbani kwa Mzee Twalibu. Palikuwa jirani na kwake, vichochoro vitatu tu, lakini kwenda kwa mkubwa bila kuitwa, na jambo kama lile, ni safari. Alikuwa na wazo moja. Mzee yule naye amefungwa kama yeye. Amefungwa na kiapo cha mzaha, na aibu ya kukivunja. Wakikaa wawili, bila Mzaramo yeyote karibu, watajua namna ya kufunguana.

Twalibu alikuwa kwenye baraza ya ndani, anasugua kipande cha mbao kwa msasa. Mwanawe, Najiat, alileta chai na vitumbua akaondoka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Kaa. Mbona umekuja na uso wa hospitali?"

"Mzee, nimekuja kuongea. Saa hizi ni saa nne na nusu. Saa sita natakiwa niwajibu watu wa Mwanza. Nikikosa, kazi inakwenda kwa mwingine."

Alimweleza yote, mpaka ukaimu. Mzee alisikiliza, kidole gumba kikipita juu ya pembe ya ubao kutafuta penye ncha.

"Kiapo kile kinakufunga?" Julieth aliuliza. "Nimeambiwa kiapo kina kafara. Nitasaidia kupika mwenyewe."

"Kulisha maskini kumi," alisema mzee. "Au kufunga siku tatu. Kiapo si kitu, binti yangu. Ningekuwa nataka kuondoka, ningeshakilipia."

Julieth aliweka kikombe chini.

"Kwa hiyo si kiapo."

"Si kiapo." Alipuliza vumbi la mbao. "Kila mwaka Majidi ananiuliza. Faragha, si kwa mzaha. Mzee, yule binti ameiva? Na kila mwaka mimi namwambia, bado. Mpe mwaka mmoja."

Julieth alitazama mikono ile aliyokuwa akiiheshimu kuliko mikono ya baba yake.

"Wewe?"

"Mimi."

"Mchoro wangu wa mwisho, ule wa mizani ya asali. Ulinirekebishia nini?"

Mzee alifikiri. "Pembe. Nilizifanya mviringo."

"Kisha?"

"Kisha nikazirudisha kama ulivyokuwa umezichora."

"Na ule wa kabla yake?"

"Usinihoji kama askari, Julieth. Unajua jibu." Alivua miwani. Bila miwani alionekana mdogo na mzee kwa pamoja. "Unajua nilivyokuwa kabla ya Pimika? Nilikuwa fundi redio, na redio zikaisha. Miaka mitatu nilikaa kwenye kibaraza na bisibisi mfukoni nasubiri mtu aniletee kitu kilichoharibika. Watu wanapita wananiamkia. Shikamoo, shikamoo, basi, wanakwenda zao. Kila nikiagwa pale, nikirudi hapa na godoro lao, nasikia shikamoo hizo zimeanza. Jumatatu miguu inanipeleka yenyewe."

"Na mimi?"

"Wewe ulikuwa unasubiri vizuri," alisema mzee. Hakuwa anamkejeli. "Hukuwahi kulalamika. Ulikuwa unacheka."

Kwa kuwa mzee huyu si mtani wake bali ni kama baba yake, Julieth aliruhusiwa kukasirika. Lakini alikuwa hajui tena hasira inaanzia wapi. Akatazama saa. Ilikuwa tano na dakika kumi.

"Mpigie," alisema.

"Nani?"

"Majidi. Mpigie sasa hivi, weka spika nisikie. Mwambie nimeiva. Mwambie Jumatatu huji. Maneno hayo mawili tu, mzee, nami naifuta meseji ya Mwanza mbele yako. Kazi ile naitaka. Naijua mizani ile kama ninavyojua jiko la mama yangu. Sitaki kwenda kuchora majokofu ya samaki. Nataka kukaa hapa."

Mzee alimwangalia, akaona hatanii. Akavaa miwani. Akatoa simu kwenye mfuko wa kanzu, akabonyeza, akaiweka juu ya mkeka katikati yao. Julieth akampenda tena kwa hilo. Simu iliita mara nne.

"Mpagazi!" Sauti ya Majidi ilijaa baraza nzima. "Umeamka? Miguu haijavimba?"

Julieth aliona. Upande wa kushoto wa mdomo wa mzee, chini kidogo ya masharubu, palicheza.

"Itaachaje kuvimba," alisema Twalibu, "na mimi ndiye ninayekubeba wewe na ukoo wako?"

"Ha! Na bado hatujafika Kilosa! Haya, sema, unataka kulipwa shanga au kitambaa?"

"Majidi, sikiliza. Nataka kukwambia habari ya Julieth."

"Ameiva?"

Hapo ndipo. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Julieth aliinama mbele, akashikilia magoti yake.

"Maana jana nimembonyeza," Majidi aliendelea, "bado anatoa utomvu!"

Mzee Twalibu akacheka. Hakutaka. Alifumba macho, akafunika mdomo kwa kiganja, mabega yakawa yanapanda na kushuka, na kule upande wa pili Majidi naye akicheka, wazee wawili wanachekeana kutoka mtaa mmoja hadi mwingine. Kicheko kilipotulia, Majidi aliuliza, "Ulikuwa unasemaje?"

"Tutaongea Jumatatu," alisema mzee.

Simu ikazima kioo chake. Twalibu hakuinua uso. Aliuchukua msasa, akauweka, akauchukua tena.

"Binti yangu..."

"Hapana, mzee. Nimesikia."

"Nitamwambia Jumatatu. Wal..."

"Usiape," alisema Julieth, na sauti yake ilikuwa ya kumwomba. "Tafadhali, usiape."

Alitoka nje akasimama kando ya ukuta, kwenye ukanda mwembamba wa kivuli. Aliandika: Nimekubali. Naanza tarehe mosi. Alisoma mara mbili, akatafuta kama kuna mahali amecheka. Hapakuwepo. Akatuma. Ilikuwa saa tano na dakika ishirini na sita, na hakusikia uhuru wowote. Alisikia kama mtu aliyefunga mlango wa nyumba aliyoijenga mwenyewe, yeye nje, vyombo vyake vyote ndani.

Alikuwa hajafika kona simu ilipoita. Majidi.

Alitaka kuiacha iite. Kisha akapokea, kwa sababu kilichotumwa kilikuwa kimeshatumwa, na mdomo wake sasa ungeweza kufanya unavyotaka.

"Msukuma!" alisema Majidi. "Mzee kanipigia, nikahisi upo hapo unanitega. Vipi, sato wamekuita?"

"Wameniita. Nimewajibu sasa hivi. Naanza tarehe mosi."

Majidi alicheka mpaka akakohoa. "Utaniua, mtani. Na nani atakupikia huko?"

Neno lilikuja, tamu, lipo tayari kwenye ulimi, la ngoma na la maganda na la hongo. Julieth alilisikia likipita. Hakupigana nalo. Alisimama tu kwenye kichochoro kile cha Isevya, mwanamke mmoja akimwaga maji ya kuoshea vyombo karibu na miguu yake, na akangoja Majidi amalize. Alicheka akapumzika, akaongeza kidogo, akapumzika. Kisha hakuwa na wa kumrudishia.

"Halo?"

"Nipo, bosi."

"Mbona kimya?"

Julieth aliruka maji yale, akaanza kutembea.

"Mtani?" Aliweza kusikia kiti cha Majidi kikilia, mtu akijiinua. "Ile barua," alisema polepole, "iko wapi ile barua?"

"Ubaoni."

Kisha, kwa mara ya kwanza tangu amjue, Majidi alimwita kwa jina lake, kama linavyosomeka kwenye ile karatasi ya urithi.

"Julieth?"

"Naam, bosi," alisema, na akaendelea kutembea.